Tamko la Usalama kwa Mizigo Inayokwenda Uingereza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wasafirishaji wa Nairobi

Maswali haya ni yale yanayorudi kila wiki kutoka kwa wauza maua, mawakala wa mizigo wa JKIA, wakusanyaji wa vifurushi wa Eastleigh na mafundi wa Kariokor wanaouza viondo nje. Mengi huanza kwa neno moja: "Nimeambiwa nijisajili," yaani kwenye mfumo wa Uingereza wa matamko ya usalama. Kabla hujajisajili popote, soma swali la 3 na la 4. Huenda ukaokoa siku nzima.

## Mambo ya msingi

1. Tamko la usalama ni kitu gani hasa?

Ni taarifa fupi inayotumwa kwa forodha ya nchi mzigo unakokwenda, kabla haujafika huko. Inaeleza ni mzigo gani, unatoka kwa nani, unakwenda kwa nani, umebebwa na chombo gani na utaingilia wapi. Kwa Kiingereza wafanyabiashara huliita kwa herufi tatu, ENS, na ndivyo utakavyoliona kwenye barua pepe za mashirika ya ndege.

Lengo lake ni ulinzi. Ushuru haumo. Maofisa wa mpaka wanataka kupima hatari mapema: silaha, dawa za kulevya, kemikali, mzigo uliofichwa ndani ya mzigo. Uingereza hupokea matamko haya kupitia mfumo unaoitwa S&S GB, unaoendeshwa na HMRC, mamlaka yao ya kodi na forodha. Mfumo huo unahusu England, Scotland na Wales. Ireland ya Kaskazini ina njia yake (swali la 19).

2. Nimeshapitisha mzigo kwa KRA, nina cheti cha KEPHIS na EUR.1. Bado tu?

Bado. Hizo ni kazi nne tofauti ambazo watu huzichanganya kwa sababu zote zinadaiwa wiki moja. Tamko la kusafirisha nje unalofanya kwenye iCMS, mfumo wa forodha wa mamlaka ya mapato KRA, ni la Kenya. Cheti cha KEPHIS kinahusu afya ya mimea. EUR.1 inathibitisha kwamba bidhaa ni ya Kenya, ili mnunuzi apate nafuu ya ushuru chini ya mkataba wa Kenya na Uingereza ulioanza kutumika 2021. Halafu mnunuzi mwenyewe, au wakala wake, hufanya tamko la kuingiza bidhaa katika mfumo wa forodha wa Uingereza na kulipa kinachostahili.

Tamko la usalama liko kando ya hayo yote. Hakuna karatasi kati ya hizo inayolichukulia nafasi, nalo halichukui nafasi ya karatasi yoyote.

3. Nani anapaswa kuliwasilisha?

Mchukuzi. Yaani yule anayeendesha chombo kinachoingiza mzigo Uingereza: shirika la ndege, kampuni ya meli, au mwenye lori ikiwa dereva anavuka na lori lake kwenye feri. Trela ikiachwa kwenye feri bila dereva, jukumu ni la kampuni ya feri.

Mtu mwingine anaweza kuwasilisha badala ya mchukuzi, iwe ni wakala wa mizigo, mkusanyaji wa vifurushi au mwingizaji mwenyewe, lakini ni lazima mchukuzi ajue na akubali. Hata hapo, tamko lisipofika au likifika na uongo, mchukuzi ndiye anayeulizwa kwanza. Ndiyo maana mashirika ya ndege hukagua karatasi zako kwa ukali ambao wakati mwingine huonekana kama dharau.

4. Basi mimi ninahitaji kujisajili kweli?

Kama wewe ni mkulima wa waridi Naivasha au unauza viondo na viatu vya ngozi, karibu kila mara jibu ni hapana. Unampa wakala wako taarifa kamili, wakala anampa shirika la ndege, shirika linawasilisha. Ukijisajili utakuwa na akaunti usiyoitumia na nywila utakayoisahau.

Unahitaji kujisajili ikiwa umekubaliana na mchukuzi kwamba wewe ndiwe utakayewasilisha. Hao kwa kawaida ni mawakala wakubwa wa mizigo wanaokusanya bidhaa za wateja wengi chini ya weibili (hati ya usafirishaji wa mzigo) moja kuu, kampuni za uchukuzi zenye malori yanayovuka kutoka Ulaya, na kampuni zinazofanya kazi hiyo kwa niaba ya wengine. Uliza swali moja tu kwa maandishi kabla ya kuanza: "Tamko la usalama la mzigo huu linawasilishwa na nani?" Ukipata jina, kazi yako imebaki ile ya swali la 11 na la 12.

## Kujisajili

5. Nijiandae na nini kabla ya kuanza?

Vitu vitatu, na kwa mpangilio huu: kitambulisho cha Government Gateway (akaunti ya kuingilia huduma za serikali ya Uingereza mtandaoni), namba ya EORI inayoanza na GB, na programu ya kompyuta inayoweza kuzungumza na mfumo wa S&S GB. Wengi hupata viwili vya kwanza asubuhi moja, kisha hukwama wiki tatu kwenye cha tatu (swali la 8).

6. Namba ya EORI naipataje nikiwa Nairobi? PIN ya KRA haitoshi?

PIN ya KRA haitoshi, kwani Uingereza haiitambui kwa kazi hii. EORI ni namba ya utambulisho wa mfanyabiashara mbele ya forodha. Kampuni isiyo na makao Uingereza inaruhusiwa kuomba yenye GB ikiwa inawasilisha matamko ya usalama, kwa hiyo anwani ya Industrial Area au Mlolongo si kikwazo.

Maombi hufanywa kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza, ni bure, na kujaza huchukua dakika tano hadi kumi. Ukiwa na bahati namba hutoka papo hapo. HMRC wakitaka kukagua zaidi, inaweza kuchukua hadi siku tano za kazi, na siku hizo ni zao: sikukuu zao si sikukuu zetu, na Siku yetu ya Jamhuri haiwahusu.

Andika jina la biashara kama lilivyo kwenye cheti cha usajili ulichopata kupitia eCitizen, herufi kwa herufi. Kama cheti kinasema "Limited", usiandike "Ltd". Linaonekana jambo dogo mpaka siku utakapotaka kurekebisha kitu na jina lako lisifanane na lako mwenyewe.

Ikiwa una EORI ya Uholanzi au Ubelgiji, hiyo ni ya Umoja wa Ulaya. Itunze, itakufaa kwenye swali la 18, lakini haifungui mlango wa S&S GB.

7. Government Gateway inanisumbua. Nifanyeje?

Fungua akaunti ya shirika badala ya ile ya mtu binafsi. Utapewa kitambulisho chenye tarakimu 12. Kiandike mahali salama siku hiyo hiyo, maana mfumo hautakuuliza jina lako wala barua pepe yako unapoingia, unataka zile tarakimu. Kwa namba ya siri ya pili, ushauri wetu ni kutumia programu ya uthibitishaji kwenye simu kuliko kutegemea SMS kuvuka bahari.

Aliyefungua akaunti huwa ndiye msimamizi. Asiwe karani wa muda. Tumeona ofisi ambayo kijana aliyejisajili alihamia kazi nyingine Thika Road akaenda na kitambulisho, nywila na simu yenye programu ya uthibitishaji. Si kwa ubaya, alisahau tu. Msimamizi awe mkurugenzi au mshirika, kisha aongeze wafanyakazi wengine kama wasaidizi, kila mmoja na kitambulisho chake. Nywila moja ya ofisi nzima iliyobandikwa kwenye skrini ni njia ya kutojua nani alituma nini.

Akaunti na EORI zikiwa tayari, ndipo unapoingia kwenye ukurasa wa S&S GB na kujiandikisha kwa huduma yenyewe. Hatua hii yenyewe ni fupi.

8. Nimemaliza kujisajili. Fomu ya kujaza iko wapi?

Haipo. Hili ndilo linaloudhi watu kuliko yote. HMRC hawakutengeneza ukurasa wa kujaza tamko kwa mkono kwenye S&S GB. Matamko hutoka kwenye programu yako kwenda kwenye mfumo wao moja kwa moja.

Una njia tatu. Ununue programu kwa kampuni inayoitengeneza, au utumie mtandao wa bandari ambao wasafirishaji wengi huko tayari wameunganishwa nao, au utengeneze yako. Kwa hiyo ya mwisho, HMRC wana uwanja wa majaribio kwa watengenezaji programu, na vijana wetu wa Nairobi wana uwezo huo. Ila piga hesabu: kama unatuma makasha arobaini kwa mwezi, kumlipa mtu mwenye programu tayari ni nafuu kuliko kulipa mtu wa kuiandika na mwingine wa kuitengeneza kila HMRC wakibadilisha kitu.

9. Gharama ni kiasi gani?

Serikali ya Uingereza haitozi kitu kwa EORI, kwa kujisajili, wala kwa kuwasilisha. Gharama ni ya programu au ya anayekuwasilishia. Mtu akikudai "ada ya HMRC ya ENS", mwombe risiti ya HMRC. Hana. Anaweza kudai malipo ya kazi yake, na hilo ni halali, lakini aliite kwa jina lake.

10. Wakala anaweza kujisajili kwa jina langu?

Wakala ajisajili kwa jina lake na EORI yake, awasilishe kwa niaba yako au ya mchukuzi. Usimpe mtu kitambulisho chako cha Government Gateway. Kitambulisho hicho kinaweza kufungua mambo mengine ya kampuni yako mbele ya kodi ya Uingereza.

## Kujaza na kuwasilisha

11. Taarifa zipi zinatakiwa?

Tangu 31 Januari 2025 orodha imepunguzwa: sehemu 20 za lazima, 8 zinazotegemea aina ya mzigo, na 9 za hiari. Kwa lugha ya kawaida, wanataka mtumaji na mpokeaji, maelezo ya bidhaa, idadi ya vifurushi, uzito pamoja na ufungaji, namba ya hati ya mzigo, chombo, mahali pa kupakia na pa kushusha, na mahali pa kwanza pa kuingilia. Mzigo wa hatari huhitaji pia namba yake ya Umoja wa Mataifa. Betri za lithiamu ni mzigo wa hatari hata zikiwa ndani ya redio.

Mpokeaji awe yule halisi. Ukiwa na weibili kuu ambayo mpokeaji wake ni wakala wa London, na ndani yake kuna weibili ndogo thelathini za watu mbalimbali, forodha inataka kuwajua wale thelathini.

12. Nieleze mzigo vipi ili usikataliwe?

Ukitoka na jambo moja kwenye ukurasa huu, litoke hapa. Unaweza kutumia maelezo ya maneno au namba ya ushuru ya bidhaa. Ukitumia maneno, yawe yanayomwezesha mtu asiyeuona mzigo kujua ni nini. "Bidhaa mchanganyiko", "vipuri", "zawadi", "vyakula", "vitu vya nyumbani": hayo yote hayasemi kitu. Andika "waridi yaliyokatwa", "parachichi mabichi", "mishipi ya ngozi yenye shanga", "vikapu vya mkonge", "majani ya chai nyeusi kwenye pakiti". Bila shaka kwenye tamko utayaandika kwa Kiingereza, lakini fikiria kwanza kwa lugha yako: ungemwelezaje mama wa Gikomba kilichomo ndani bila kufungua?

Kazi ngumu ni ya wakusanyaji wa vifurushi. Mteja analeta gunia limeshonwa, anasema ni "unga na nguo za mtoto", kumbe kuna omena, dawa za kienyeji na chupa mbili za asali. Usimwandikie mteja alichosema tu. Fungua, hesabu, andika, mwambie atie sahihi. Mteja atalalamika kuhusu foleni. Atalalamika zaidi gunia lake likizuiwa, na pamoja na lake, ya wenzake ishirini na tisa.

13. Tamko liwe limefika saa ngapi?

Inategemea chombo. Kwa safari ndefu ya ndege, angalau saa nne kabla ya kutua kiwanja cha kwanza cha Uingereza. Kwa safari ya ndege isiyofika saa nne, kabla ya ndege kuruka. Kwa makontena ya meli za masafa marefu, angalau saa 24 kabla ya kontena kupakiwa melini (swali la 20).

Nairobi hadi London ni takriban saa tisa angani, kwa hiyo ni safari ndefu. Tuseme ndege inatua Heathrow saa kumi na mbili asubuhi za London. Mwisho wa kuwasilisha ni saa nane usiku za kule, ambayo kwetu ni saa kumi na moja alfajiri wakati wa baridi yao, na saa kumi alfajiri wakati wa kiangazi chao. Tofauti ya saa hubadilika kati ya tatu na mbili kwa sababu wao husogeza saa na sisi hatusogezi. Wanaosahau hili hulisahau mwisho wa Machi.

Lakini hiyo ni hesabu ya sheria. Kwa vitendo, shirika la ndege litataka taarifa zako kabla ya kufunga upakiaji, maana hakuna anayetaka kugundua tatizo ndege ikiwa juu ya Sudan. Fuata muda wa shirika.

14. MRN ni nini, na niifanyie nini?

Ni namba ya kumbukumbu ya herufi na tarakimu 18 ambayo mfumo hurudisha tamko likikubaliwa. Bila MRN huna tamko, hata kama programu yako imeandika "imetumwa". Iweke pamoja na weibili na umtumie mchukuzi. Kuwa nayo hakumaanishi mzigo umeruhusiwa kuingia. Kunamaanisha tu kwamba taarifa imepokelewa.

15. Nimekosea uzito au jina. Naweza kurekebisha?

Ndiyo, kabla mzigo haujafika na kabla hujaarifiwa kwamba utakaguliwa. Aliyewasilisha ndiye anayerekebisha, na jina lake yeye mwenyewe haliwezi kubadilishwa ndani ya tamko. Ikiwa aliyekosea ni shirika la ndege, wapigie wao. Kufungua akaunti yako usiku huo huo ili kutuma tamko la pili juu ya la kwanza hakurekebishi kitu.

## Hali za pembeni

16. Mzigo unabadilisha ndege Addis Ababa au Doha. Saa zinahesabiwa kutoka wapi?

Kutoka ndege inayoingia Uingereza. Mguu wa kwanza hauhesabiki kwa S&S GB.

17. Maua yanashuka Amsterdam, kisha yanakwenda Uingereza kwa lori. Je?

Hapa mambo yalibadilika, na baadhi ya wauza maua bado wanatumia hesabu ya zamani. Tangu 1 Januari 2021 Uingereza ilikuwa imesamehe matamko ya usalama kwa bidhaa zinazotoka Umoja wa Ulaya. Msamaha huo ulipangwa kuisha Oktoba 2024, ukasogezwa, ukaisha 31 Januari 2025. Sasa waridi la Naivasha linalopita Uholanzi linahitaji matamko mawili: la Ulaya ndege ikiingia, na la Uingereza lori likivuka.

La pili ni jukumu la mwenye lori, au la kampuni ya feri trela ikisafiri peke yake. Mkumbushe mnunuzi wako wa Uholanzi. Akikujibu kwamba Kenya haihusiki, ana haki kuhusu jukumu, lakini maua yatakayonyauka bandarini ni yako ikiwa mauzo yenu ni ya kulipwa yakifika.

18. Na kama mzigo unaishia Ulaya tu?

Huo ni mfumo mwingine kabisa, ICS2. Kwa ndege zote ulianza 1 Machi 2023, kwa meli kuanzia Juni 2024, na kwa barabara na reli kuanzia Aprili 2025. Unahitaji EORI ya nchi ya Umoja wa Ulaya. Tofauti mbili zinauma: lazima uwe na namba ya bidhaa ya tarakimu sita, na kwa ndege sehemu ya taarifa hutakiwa kabla ya kupakia, hivyo Ulaya inaweza kuagiza mzigo usipande ndege ukiwa bado JKIA. Tofauti na S&S GB, ICS2 ina ukurasa wa wafanyabiashara wa kujazia kwa mkono.

19. Mteja wangu yuko Belfast.

Ireland ya Kaskazini inafuata mfumo wa Ulaya kwa jambo hili. EORI huanza na XI, na mfumo ni ICS2.

20. Natuma chai au kahawa kwa kontena kupitia Mombasa. Kuna jipya?

Saa 24 kabla ya kupakia ni mapema kuliko inavyosikika, kwa sababu kontena huondoka Nairobi kwa treni au lori na mambo hucheleweshwa njiani. Funga orodha ya mzigo kabla kontena halijaondoka Nairobi. Maofisa wa Uingereza wakiona hatari, hutoa amri ya kutopakia kontena hilo, nayo humfikia mchukuzi. Huwezi kubishana nayo ukiwa kwenye geti la bandari.

21. Dada yangu anabeba sanduku kwenye ndege. Naye ajisajili?

Hapana. Mizigo ya abiria aliyonayo imesamehewa, na barua na vifurushi vinavyopitia posta ya kawaida vimesamehewa pia. Lakini sanduku lile lile akilikabidhi kwa mkusanyaji lisafiri kama mzigo, limeshakuwa mzigo wa kibiashara mbele ya forodha na linahitaji tamko. Mkusanyaji ndiye atakayelishughulikia na mchukuzi. Dada aandike tu kwa ukweli kilichomo.

22. Tulishawasilisha, kisha mzigo ukaachwa kiwanjani. Tufute tamko?

Tamko la usalama halifutwi kwa hiari. Lisipotumika huisha lenyewe. Mzigo ukipanda ndege ya kesho, namba ya safari na tarehe havilingani tena. Mwambie aliyewasilisha arekebishe au awasilishe jipya. Mzigo ukigawanywa, nusu leo na nusu kesho, mwarifu mapema zaidi, maana idadi ya vifurushi haitalingana kwa upande wowote.